Kurasa Nane za Kapteni Kengele

Vijana wangu wa maktabani, mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijazoea kulala mpaka saa mbili asubuhi. Kevo wa kompyuta akaongeza, "Mathe, weka vitu za kuchekesha, si unajua watu hawapendi stori za machozi." Nimejaribu. Za kuchekesha zilijaa nusu ukurasa, nikazisoma, nikauchana. Vyeo sivitaji. Nilipata viwili, na vyote nilivipokea nikiwa nimekalia kiti kilekile chenye mguu mfupi. Mshahara mnaujua, maana ndio huo mnaoulalamikia.

Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa katika kile chumba cha nyuma ambamo sasa mnatupa kompyuta zilizokufa. Kilikuwa chumba cha kujalidi vitabu. Mlangoni palikuwa na kibao cha Kiingereza kirefu, lakini Kitale nzima ilikiita Baindingi na ikatosha. Kitabu kilichovunjika mgongo kililetwa kwetu, sawa na kilichochanwa na wanafunzi wa kidato cha nne, au Biblia ya babu wa mtu iliyotafunwa na mbuzi kuanzia Mwanzo hadi Hesabu. Tulivipokea vikiwa hoi, tukavirudisha vikiwa vinatembea. Leo kitabu kikichanika mnakipiga picha na kukitupa. Sisemi kitu.

Siku ya kwanza nilitoka kwetu Kiminini na viatu vya kisigino na cheti cha kupiga taipu. Baba yangu, aliyekuja huku kutoka Nyeri akanunua ekari tano, alikuwa ameshawaambia majirani kwamba binti yake anakwenda kukaa ofisini. Mkutubi wa wakati huo hata hakukitazama cheti. Alinionyesha mlango wa nyuma kwa kalamu. Humo ndani nilimkuta mtu mrefu aliyejifunga aproni ya gunia, anakoroga uji kwenye jiko la makaa. Nilidhani nimepelekwa jikoni.

"Wewe msichana," akasema bila kugeuka, "hiyo mikono ni ya taipu ama ni ya kazi?"

"Ya kazi, Mzee."

"Haya. Tutaona bana. Koroga hiyo, na usionje. Iko na mrututu."

Huyo ndiye Protus Simiyu, mzaliwa wa Kamukuywa, aliyenifundisha kila nilichokijua. Ule uji ulikuwa gundi ya unga wa ngano, na mrututu uliwekwa ili mende wasije wakala usiku kitabu tulichokitibu mchana. Alinipa mfupa wa kukunjia karatasi uliokwisha kulainika kwa mikono yake, akanionyesha jinsi ya kupaka uzi nta, kutoboa mashimo kwenye mkunjo na kushona kurasa fungu kwa fungu. Nikikosea hakufoka. Alifumua kazi yote, akaniwekea mbele yangu, akaenda kuvuta sigara. Afadhali angefoka.

Kazi yake ilikuwa na sheria, na moja ndiyo iliyotuletea haya yote. Ukirekebisha kitabu kikuukuu usitumie karatasi mpya, maana weupe wake utapiga kelele katikati ya kurasa za manjano. Tafuta karatasi ya umri uleule. Kwa hiyo kila kitabu cha Kiingereza kilichokuja kimeshindikana kabisa, kabla hakijatupwa, Mzee Simiyu alichomoa zile karatasi zake tupu za mwanzo na mwisho. Alizihifadhi kwenye kabati la chini, zimepangwa kwa umri na rangi. Karatasi za Uingereza za wakati wa vita zilikuwa na rafu yake, nyepesi, zenye madoa ya kahawia. Yeye alizijua kwa kuzinusa.

Wiki yangu ya pili ililetwa katoni kutoka shamba moja la Moi's Bridge. Mjane wa Kizungu alikuwa anauza na kuondoka, akatuachia alichoshindwa kubeba. Ndani hapakuwa na kitabu hata kimoja. Yalikuwa majarida ya katuni ya Uingereza, ya zamani, ya kurasa chache chache, yote ya shujaa mmoja. Mkutubi alisema yachomwe. Mzee Simiyu akaomba ayajalidi kwanza yawe kitabu, ndipo mkutubi aamue. Akanipa niyaandae.

Namna ya kuandaa majarida, kwa wale ambao hamkuikuta kazi hiyo, ni kuchomoa pini zilizoshika kutu na kung'oa majalada, maana karatasi ya jalada ni nzito na hufanya mgongo wa kitabu uvimbe. Ndivyo ilivyofanywa kila mahali. Niling'oa majalada yote, na rangi zake nzuri, nikayatia chini ya sufuria ya gundi. Yaliwaka vizuri. Kumbe jina la mchoraji lilikuwa limechapishwa kwenye jalada tu, ndani halimo. Hilo nililijua miaka thelathini baadaye, kutoka kwa mtu aliyekaribia kulia aliponiuliza kwa nini.

Shujaa mwenyewe sikumwonea maajabu. Alikuwa tarishi wa London, mwenye masharubu na kofia ya kazi, ambaye kengele ya kanisa moja ikilia hupata nguvu na kuruka hewani akiwa amejifunga joho. Ikinyamaza, nguvu zinamwishia popote alipo, na mara nyingi alikuwa juu ya paa la mtu. Jina lake la Kiingereza lilikuwa la kujivuna. Wasomaji wa Kitale walimwita Kapteni Kengele. Alikuwa na tabia ya kumaliza chai yake kabla ya kwenda kupigana, na Mzee Simiyu aliiheshimu sana tabia hiyo.

Tulipomaliza, vilikuwa vitabu vitatu vyenye jalada la kitambaa cha kijani tulichonunua kwenye duka la Kalasinga. Mkutubi akakubali viwekwe rafuni vijaribiwe. Ndani ya mwezi mmoja vilikuwa na foleni. Waliosoma walikuwa wasichana wa sekondari, makarani wa kortini, makondakta wa mabasi, na bawabu wetu, ambaye hakujua Kiingereza na hakujali. Wote walilalamika jambo moja. Katika jarida la mwisho maadui wanaiiba kengele, Kapteni yuko juu ya mnara, nguvu zinamwishia, anateleza. Basi. Hakuna tena. Mjane hakuwa na mengine, na baadaye tuliambiwa hayakuwahi kuchapishwa mengine. Huko kwao karatasi iliadimika, jarida likafa, na Uingereza nzima ikamsahau mtu wake akiwa hewani.

Hilo lilimuudhi Mzee Simiyu kuliko nilivyowahi kumwona akiudhika na ya nyumbani kwake.

"Mimi sifungangi kitabu haijaisha," aliniambia. "Ni kama kufunga mlango na mtu ako nje."

Sikujua kwamba anachora. Mtu unaweza kula naye githeri kwenye bakuli moja miaka miwili usijue. Saa ya chakula alianza kubaki ndani, amefungulia ile rafu ya karatasi za vita, na kalamu ya chuma na wino mweusi tuliotumia kuandika namba kwenye migongo ya vitabu. Alichora polepole. Alimtazama Kapteni katika ukurasa wa zamani, anachora mstari, anamtazama tena. Ilimchukua karibu mwaka, na karatasi zilizoharibika zilikwenda chini ya sufuria.

Zilitoka kurasa nane. Kapteni anateleza, anashika ukingo wa mnara kwa vidole. Hakuna kengele, hakuna nguvu. Anajivuta. Kisha, kurasa tatu nzima, anashuka ngazi za mnara kwa miguu, mzee kidogo zaidi kila ukurasa, anapumzika, anashuka. Chini anavua joho, analikunja vizuri, analiweka chini ya kwapa. Katika ukurasa wa mwisho anabeba mfuko wake wa barua na kurudi kazini, na nyuma ya London kuna mlima mkubwa wenye mgongo mrefu ulionyooka. Mnaotoka upande wa Bungoma na Kitale mnaujua mlima huo. Nilimwambia London haina Elgon. Akasema, "Sasa atarudi nyumbani bila mlima, ataona aje ako karibu kufika?"

Kurasa zote nane hazikuwa na neno hata moja. Nilimuuliza kwa nini. Alisema Kiingereza chake kina mashimo na hakutaka Wazungu wamcheke.

Tulifumua kitabu cha tatu, nikazishona kurasa zile mwishoni kwa mkono wangu, kwa uzi uleule, kwa mashimo yaleyale. Ungetazama usingeona. Kisha Mzee akaufunga mlango. Kuchora ndani ya kitabu cha maktaba kulikuwa kosa la kufukuzwa kazi, na hapo ukutani palikuwa na tangazo lililosema hivyo, lililojalidiwa na sisi wenyewe.

"Nyambura," akasema, "hii tumefanya wawili. Nikiwa hapa ndani, usiseme kwa mtu. Apa."

Nikaapa kwa jina la mama yangu. Mjue pia kwamba nilifurahi. Katika miaka yote hiyo sijawahi kufanya kazi nyingine niliyoipenda kama ile.

Tulikaa pamoja miaka kumi na miwili. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina la mtu mwingine, likafutwa kwa kisu. Akarudi Kamukuywa kulima mahindi na kitunguu. Mimi nikabaki na mfupa wake wa kukunjia, halafu nikabaki na chumba, halafu chumba kikaanza kupunguzwa. Kwanza presi ya kubania vitabu iliuzwa. Kisha meza. Tulianza kununua vitabu vilivyobandikwa gundi tupu bila kushonwa, vinavyoachana ukivifungua kwa nguvu, na nikiwaambia wakubwa waliniambia ndio usasa. Wasomaji wa Kapteni Kengele nao walikwisha. Vitabu vyake vitatu nilivihamisha mwenyewe kwenye kabati langu, vikakaa humo.

Miaka minne kabla sijastaafu alikuja mgeni kutoka Uingereza, mwalimu wa chuo, mtu mpole mwenye ngozi iliyoungua puani. Alikuwa akitafuta mashujaa wa katuni waliosahauliwa wa nchi yake, na Kapteni ndiye aliyekuwa hampati popote. Katika kumfuatilia mchoraji alimpata binamu yake, na binamu ndiye yule mjane wa Moi's Bridge. Nilipomtolea vile vitabu vitatu alivaa glavu. Nilimwambia katoni nzima ilikuja kwenye mkokoteni wa ng'ombe, hakuna haja ya glavu.

Alipofika kwenye zile kurasa nane alisimama. Aliziinua kwenye dirisha, akatazama karatasi, akazigusa ukingo. Karatasi ilikuwa ya Uingereza, ya wakati wa vita. Wino ulikuwa wa mkono. Uso wake ulibadilika, nami nikauona uongo ukijijenga peke yake mbele yangu, bila mtu kuusukuma. Alisema inawezekana hizi ni kazi za mkono wa mchoraji mwenyewe, mwisho ambao haukuchapishwa, aliompelekea binamu yake kwa posta.

Lakini alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo linaloniuma. Aliuliza. Mbele ya mkutubi mkuu aliniuliza kwa upole, akatamka kila neno ili nisikie vizuri: kuna mtu yeyote wa maktaba hii aliyewahi kuongeza au kuchora kitu humu?

Mkutubi mkuu akacheka. "Hapana, hapa hatuharibu vitabu. Ama namna gani, Mama?"

Mzee Simiyu alikuwa na miaka kumi na minane nje ya kazi. Hakuna ambaye angemfukuza. Nilijua hivyo. Lakini niliona lile tangazo la ukutani, nikaona mkono wangu ulioshona, na miaka yangu minne iliyobaki. Nikasema, "Hakuna. Viko vile vilivyokuja."

Nikajiambia ninatunza kiapo. Nilijiambia hivyo mpaka nikaamini.

Vitabu vilikwenda Uingereza kwa idhini ya wakubwa, na havijarudi. Mwaka wangu wa mwisho wa kazi kikaja kitabu kipya, kikubwa, cha karatasi ya kung'aa, hadithi yote ya Kapteni Kengele. Mnaikumbuka sherehe, soda mlikunywa nyinyi. Jalada lina jina la mchoraji Mwingereza kwa herufi za dhahabu. Utangulizi una kurasa kumi na mbili, na tisa kati ya hizo zinasifu zile kurasa nane. Zinasema hapo ndipo mchoraji alipowazidi wenzake wote wa wakati wake. Kunyamaza kwa kurasa zote nane kunaitwa uamuzi wa kijasiri. Mlima ule unaelezwa kwa aya nzima kuwa ni vilima vya utotoni mwake, ambavyo aliviona moyoni alipokuwa mgonjwa. Na mwishoni kabisa, penye shukrani, kuna Bi. Nyambura wa Kitale, kwa uangalifu na uaminifu wake. Neno ni hilo, uaminifu. Kevo alilipigia mstari kwa kalamu nyekundu na kunipongeza.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mkutubi mkuu nikamweleza yote. Alinisikiliza, akafunga mlango kama Mzee Simiyu alivyoufunga.

"Mama, kitabu imetoka," akasema. "Sasa unataka tuseme ati tuliwauzia bandia? Wacha ikae. Huyo mzee si hata hatajua."

Nilimwandikia mgeni. Alinijibu vizuri, kwa barua ndefu, akauliza kama ninao ushahidi: michoro ya majaribio, picha, karatasi yoyote. Ya majaribio ilipika gundi. Akauliza kama huyo mzee anaweza kuchora mbele ya kamera. Nilipiga simu Kamukuywa, mkewe akanijibu kwamba macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Barua yangu ya pili mgeni aliijibu kwa mistari mitatu. Simlaumu. Alikuwa na neno langu la kwanza, nililolisema nikiwa na kazi na akili timamu, na neno la mama mzee aliyestaafu.

Mwezi uliopita nilichukua kitabu nikaenda. Nilichelewa kwa sababu ya aibu, hakuna sababu nyingine. Mama Nasimiyu, mkewe, alinikaribisha sebuleni, akaondoa vitambaa vya kufuma kwenye kiti ili nikae. Mzee alikuwa amevaa koti. Nilimwekea kitabu mapajani.

Hakukifungua. Alipitisha kidole gumba kwenye mgongo, juu mpaka chini, akatia ukucha kwenye mkunjo.

"Hawajashona," akasema. "Ni gundi. Hii itaachana mapema sana." Kisha akanigeuzia uso. "Ni ya Kapteni?"

"Ndiyo, Mzee. Imechapishwa Ulaya."

"Na kurasa zangu ziko?"

"Ziko."

"Zote nane?"

"Zote nane. Wamezisifu kuliko zingine zote."

Akacheka, nami sikuwahi kumsikia akicheka hivyo pale Baindingi. Alimwita mkewe aje aone. Nikamfungulia ukurasa wa mwisho, akaupapasa, kiganja chake juu ya mlima, akauliza, "Na jina langu wameweka upande gani?"

Nilimwambia hawakuliweka. Nilimwambia lililopo ni la yule Mwingereza.

"Hawakuuliza kama kuna mwingine?"

"Waliuliza."

"Wakauliza nani?"

"Mimi."

Mama Nasimiyu aliinuka akaenda nje, kwenye kuku. Mzee alibaki na mkono juu ya ukurasa. Nilimkumbusha kiapo. Nilimwambia ni kosa la kazi, lile tangazo, kwamba nilikuwa namlinda.

"Nilisema nikiwa hapo ndani," akajibu. "Mimi nilitoka hapo kitambo. Sasa ulikuwa unalinda nani, Nyambura?"

Mzee alikifunga kitabu, akakinyoosha kingo kwa viganja vyote viwili, namna tulivyokuwa tukifanya kabla ya kutia presi, akanirudishia.

"Ungesema tu," akasema. "Wangenishtaki, nikuje mpaka Kitale nisimame mbele ya hakimu. Kule kortini lazima waandike jina ya mtu."